Sura ya Tano: Wachache Unaowajua

Watu wa Dar es Salaam wanaonunua eka moja au mbili huko Kisarawe, Mkuranga au Kibaha huanza kwa mtindo mmoja. Kwanza wanaweka mipaka, ya michongoma au ya nguzo na waya kwa mwenye uwezo. Kisha kisima au tenki. Kisha miembe, minazi na michungwa. Halafu Jumamosi moja mtu anarudi kutoka mnadani na tenga la kuku, au na mbuzi wawili nyuma ya pikapu, na tangu saa hiyo shamba lake si lile tena. Mwembe ukisahauliwa mwezi mzima huvumilia. Mbuzi ana njaa leo saa moja asubuhi, na kesho saa moja atakuwa nayo tena, iwe sikukuu, inyeshe mvua, uwe na mgeni au uwe na homa.

Sura zilizotangulia zilihusu ardhi, maji na miti. Hii inahusu wenye pumzi, na nataka niseme mapema ninachokiamini. Kwa anayefuga kwa kupenda, idadi inayofaa ya mifugo ni ile anayoweza kuitazama mmoja mmoja kila asubuhi kabla hajashika kazi nyingine. Mfugaji wa biashara mwenye kuku 3,000 ana daftari la mayai na mizani ya chakula. Mayai yakishuka siku mbili mfululizo, hesabu zinamwambia kuna jambo. Sisi wenye kuku 20 na mbuzi wanne hatuna hesabu za kutustua. Tuna macho. Ukiongeza idadi mpaka macho yasitoshe, unabaki na wanyama usiowajua, na mnyama usiyemjua hufa siku ile unayodhani ndiyo kwanza ameanza kuugua.

Asubuhi yangu huanza saa kumi na mbili, jua likiwa bado nyuma ya mikorosho. Naanza na kuku. Ukifungua mlango wa banda usiondoke; simama pembeni uwatazame wanavyotoka. Jogoo hutoka wa kwanza au wa pili, tembe wanamfuata wakisukumana, koo mwenye vifaranga hungoja msongamano upungue. Kila kundi lina utaratibu wake, na ukishauzoea, anayeuvunja humtafuti, unamwona. Aliyezoea kuwa wa tatu akatoka wa mwisho, mabawa yameshuka, shingo ameikunja, mkamate hapo hapo. Usingoje jioni.

Ukishamkamata, papasa chini ya shingo, kwenye mfuko ambamo chakula hukaa kabla hakijateremka tumboni. Alfajiri mfuko huo unapaswa kuwa mtupu, maana usiku kucha umekuwa ukishusha. Jioni unapaswa kuwa umejaa. Ukiukuta umejaa alfajiri, njia imeziba. Ukiukuta mtupu jioni, hakula, au wenzake walimfukuza kwenye chakula. Kisha inama utazame kinyesi chini ya fito wanazolalia. Kigumu chenye utando mweupe juu ni cha kuku mzima. Kile cha kahawia, laini, kinachonata na kunuka vibaya huwatisha wageni, lakini nacho ni cha kawaida; hutoka mara chache kwa siku, kwenye sehemu nyingine ya utumbo. Cha kijani na majimaji ni habari mbaya. Damu kwenye kinyesi cha vifaranga, fikiria koksidiosisi kwanza, tafuta dawa, na maranda yaliyolowa yatoe siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu vyake hustawi kwenye unyevu.

Aliyenifundisha kutazama hivi ni bibi jirani, Mzaramo wa hapa hapa, ambaye hajawahi kufuga zaidi ya kuku kumi na watano kwa wakati mmoja na hajawahi kukosa yai la kumpa mjukuu. Asubuhi moja alipita kuelekea kisimani wakati kuku wangu wanatoka.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Yule mweupe wako jana alilala wapi?”

“Bandani, bibi, na wenzake.”

“Na wenzake, lakini chini. Tazama kifua chake.”

Kifuani, katikati ya manyoya meupe, palikuwa na vipande vya maranda. Kuku anayelala kwenye ufito kifua chake huamka kisafi. Aliyelala chini huamka na maranda. Na kuku aliyezoea ufito halali chini bila sababu. Tulimgeuza tukakuta wayo umevimba, katikati pana kidoa cheusi. Ulikuwa mwiba. Tuliloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka ngozi ikalainika, tukautoa mwiba, tukapaka ayodini, akakaa peke yake kwenye maranda makavu mpaka uvimbe ukaisha. Bibi alikuwa ameona yote hayo akiwa njiani, ndoo kichwani, kwa vipande vitatu vya maranda. Kuna elimu kubwa ya mifugo vijijini mwetu ambayo haijaandikwa popote, na wengi wa wenye kuijua ni wanawake wa umri wake.

Kwa mbuzi nahitaji muda mrefu zaidi. Mbuzi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha udhaifu wake kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayefuatwa. Kwa hiyo naanza kuwatazama kwa mbali, kabla hawajajua nimefika. Mbuzi aliyelala huku anacheua, masikio yanacheza, huyo mzima. Aliyejitenga, manyoya yamesimama, meno anayasaga na taya halicheui, ana maumivu. Nikiingia zizini huyo ndiye ninayemwendea.

Weka ngumi kwenye lile shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, bila kukandamiza, na usubiri dakika nzima. Tumbo kubwa likiwa kazini utahisi ngumi inasukumwa nje taratibu, mara moja au mbili, kisha inarudi. Usipohisi kitu kwa dakika mbili tatu, mtambo umesimama, na lazima ujue amekula nini. Ubavu ukiwa umevimba na kulia ngoma ukiupiga kwa kidole, ni gesi, na hiyo haingoji kesho. Halafu pima joto. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, kikiwekwa alama kisirudi tena ndani ya nyumba. Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, na mchana wa jua kali huzidi kidogo, ndiyo maana napima asubuhi. Napenda kuwapima hata wakiwa wazima, mara moja moja, ili nijue joto la kila mmoja katika siku zake njema.

Sasa jicho. Katika ukanda huu wenye joto na unyevu, adui mkubwa wa mbuzi ni mnyoo mwembamba aitwaye Haemonchus contortus, anayeishi kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mbuzi mwenye minyoo hao si lazima aharishe. Anaweza kuonekana ana kinyesi kizuri kabisa huku damu inamwishia ndani kwa ndani, mpaka siku anapotembezwa kidogo akaanguka. Katika miaka ya 1990 daktari wa mifugo Francois Malan na wenzake wa Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi tano, inayojulikana kama FAMACHA, ili mfugaji yeyote aweze kupima upungufu wa damu zizini kwake bila maabara.

Inafanyika hivi. Msogeze mbuzi kwenye mwanga wa jua. Kwa kidole gumba bonyeza kope ya juu kidogo ili mboni irudi ndani, na kwa gumba la mkono wa pili vuta kope ya chini. Utando wa ndani wa kope ya chini utachomoza kwa sekunde moja au mbili. Utazame huo, si weupe wa jicho. Ukiwa mwekundu kama nyama ya pera lililoiva, damu ipo ya kutosha, na hiyo ni namba moja kwenye kadi. Namba mbili bado ni salama. Namba tatu, waridi iliyopauka, ni ya kufikiria: mwenye mimba, mtoto na aliyekonda nawapa dawa, wengine narudia kuwatazama baada ya wiki moja. Namba nne na tano, kunakoelekea weupe wa karatasi, ni dawa leo. Kukiwa na uvimbe laini chini ya taya, hiyo nayo ni dalili kwamba damu imepungua sana.

Kwa nini usiwanyweshe dawa wote kila baada ya miezi mitatu, kama wengi wanavyofanya? Kwa sababu ukiwapa wote, minyoo inayobaki hai ni ile tu iliyoshinda dawa, na hiyo ndiyo itakayozaliana. Ukimtibu mgonjwa na kumwacha mzima, minyoo ya yule mzima inabaki dhaifu mbele ya dawa, inachanganyika na ile sugu, na dawa yako inaendelea kufanya kazi miaka mingi zaidi. Hapa ndipo udogo wa shamba unakuwa baraka. Mwenye mbuzi 200 hulazimika kutafuta watu wa kumshikia. Mwenye mbuzi wanne anamaliza macho manane kabla chai haijapoa.

Malisho nayo yanafuata mwenendo wa mnyoo huyo. Mayai yakianguka na kinyesi huanguliwa, na viluwiluwi vyake hupanda juu ya majani kwa kufuata umande. Jua likipanda na umande kukauka, hushuka tena chini. Kwa hiyo mbuzi wangu hawatoki kabla ya saa tatu au saa nne, na baada ya masika, nyasi zikiwa fupi na mbichi, nachelewa zaidi. Hilo haliwaumizi, kwa sababu mbuzi kwa tabia yake ni mla majani ya juu. Mpe matawi ya mlusina au gliricidia yaliyoning'inizwa kwa kamba kwenye usawa wa kichwa chake, utamwona anasimama kwa miguu ya nyuma kwa furaha, na mdomo wake uko mbali na minyoo.

Kisarawe ni nchi ya mihogo, na maganda ya mihogo ni chakula kizuri cha mbuzi. Ni sumu vilevile. Maganda na majani mabichi, hasa ya mihogo michungu, yana kemikali ambazo tumboni hugeuka sianidi. Sumu hii haizuii mnyama kupumua. Inazuia mwili kuitumia hewa aliyoivuta. Ndiyo maana mbuzi aliyekula rundo la maganda mabichi hutweta kwa nguvu, fizi zake zikiwa nyekundu kuliko kawaida, na anaweza kufa kabla hujapata namba ya afisa mifugo. Dawa yake ni jua. Katakata maganda vipande vidogo, yaanike kwenye bati au turubai, yageuze, na yakivunjika kwa sauti mkononi ndipo uyapeleke kwenye kihori. Anayekaa na msaidizi amweleze hili siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha pa kulala. Pumba za mahindi zilizoota ukungu nazo usizipe mifugo kwa hoja kwamba binadamu hawezi kuzila. Sumukuvu haibagui, humdhuru kuku kwenye ini, na kwa mbuzi anayekamuliwa hupita mpaka kwenye maziwa.

Kuna siku moja ambayo kijijini kwetu huwa kama ya sherehe, nayo ni ya chanjo ya mdondo. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 katika mji wa Newcastle nchini Uingereza na, mwaka huo huo, katika kisiwa cha Java. Hauna tiba. Huingia kijijini, kwa kawaida kuelekea mwisho wa kiangazi, na unaweza kumaliza banda zima katika wiki moja: kuku wanahema kwa mdomo, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda. Aliyeona banda lake likiisha hivyo hasahau.

Chanjo ya I-2 ilibuniwa Australia kwa ajili ya mazingira yasiyo na majokofu, na hapa nchini hutengenezwa Kibaha. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa si ya kuachwa juani. Chupa isafirishwe imezungushiwa kitambaa kibichi, kivulini. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, kwa hiyo hakuna sababu ya nyumba moja kuinunua peke yake. Tunachanga nyumba tano sita, tunakubaliana siku, na alfajiri kabla mabanda hayajafunguliwa tunapita nyumba kwa nyumba. Mmoja anashika kuku, mmoja anadondosha. Kichwa kinalazwa ubavu, tone moja linaingia jichoni, na humwachii mpaka apepese. Asipopepesa tone huenda limemwagika, unarudia. Vifaranga nao wanapata. Baada ya miezi mitatu au minne tunarudi tena, na tunahakikisha zamu moja inaangukia kabla ya kipindi kile cha hatari.

Naheshimu sana dawa za asili. Mwarobaini na mshubiri vimo shambani kwangu, navitumia. Lakini kumwambia mtu kwamba maji ya mwarobaini yatamkinga kuku na mdondo ni kumdanganya, na udanganyifu huo unalipwa kwa uhai wa kuku. Chanjo nayo ina mpaka wake: ukiona wameshaanza kuugua, umechelewa, hata ukidondosha machoni mwa wote, haitawaokoa walioambukizwa.

Mbuzi nao wana msiba wao unaofanana na huo, sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe, iliyowahi kufuta mifugo ya jamii nzima Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa chanjo. Lengo la mashirika ya kimataifa ni kwamba hii ya mbuzi itokomezwe ifikapo 2030. Mfugaji mdogo anachangia kwa mambo mawili: kuchanja afisa mifugo anapopita, na kutomchanganya mbuzi mpya na wenyeji papo hapo. Mbuzi wa mnadani kwangu hukaa peke yake wiki tatu, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wenzake, na ndoo yake ya maji hakuna mwingine anayeigusa. Wageni huona ni ukatili kumtenga. Nawaeleza, na wengi wanaelewa.

Ukatili halisi upo kwingine, na tumeuzoea mno. Ni kamba. Mbuzi anafungwa kwenye mti asubuhi, mwenyewe anakwenda zake. Saa tano kivuli kimehama, kamba imezunguka shina mara nne, mbuzi kabaki na hatua moja, juani, ndoo ya maji ipo mahali ambapo shingo haifiki. Mbwa wakija hana pa kukimbilia. Mwaka 1965 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Profesa Roger Brambell ilieleza kima cha chini kabisa cha haki ya mnyama wa kufugwa: aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mbuzi wa kamba iliyojizungusha hana hata hayo matano. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sheria haipiti kwenye mashamba yetu saa tano za mchana. Anayefuga kwa kupenda asifunge mbuzi kamba asipokuwepo. Ajenge ua, hata mdogo, hata wa fito. Akishindwa ua, asifuge mbuzi, afuge kuku.

Banda la pwani linajengwa dhidi ya joto kuliko baridi. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, jua lipite juu ya paa badala ya kuingia ndani. Kuta ziwe za wavu kuanzia usawa wa goti. Makuti yanazuia joto kuliko bati. Kama ni bati, weka makuti juu yake. La mbuzi liinuliwe mita moja hivi kutoka ardhini, sakafu ya mabanzi yenye nafasi za sentimita moja na nusu, kinyesi kipite na kwato isipite. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Februari, kuku hawana jasho la kuwapoza. Wanafungua midomo na kutanua mabawa. Wape maji kwenye chungu kilicho kivulini, ubadilishe mchana, na chakula wape asubuhi mapema na jioni, kwa maana kumeng'enya nako kunaongeza joto. Utaona pia kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, na kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja, wanatulia wakati wengine wanahangaika. Maumbile yao yanapitisha joto nje. Watu huwabeza kwa sura, mimi huwatafuta.

Kuhusu msaidizi nitasema kidogo, kwa kuwa sura ya nane ni yake. Mkulima wa simu, anayeongoza shamba kutoka ofisini mjini, hana mifugo. Msaidizi wake ndiye mwenye mifugo. Basi amlipe kama mtu aliyebeba jukumu hilo, kwa wakati, na amwachie uamuzi na fedha ya dharura ya kumwita afisa mifugo bila kuomba ruhusa. Kijana anayeogopa kulaumiwa kwa gharama atakaa na mgonjwa mpaka Jumamosi.

Usiku una mambo yake. Kicheche huja kwa kuku na akiingia haui mmoja; kenge na mwewe ni wa mchana, kenge kwa mayai, mwewe kwa vifaranga. Hao wote wavu mzuri unawazuia, wa matundu madogo, uliozikwa ardhini angalau nusu futi. Wasiozuilika kwa wavu ni siafu.

Siafu hupenda siku zinazofuata mvua. Ukisikia kuku wananung'unika saa nane za usiku, sauti ya chini isiyokoma, si ile ya kushtuka, washa tochi utazame ardhi kwanza. Utauona mstari unang'aa, upana wa vidole viwili, unaingia bandani. Fungua milango yote. Kuku wanaoweza kutoka watatoka gizani wenyewe, na gizani ni salama kuliko humo. Anayeatamia hatatoka. Silika inamwambia abaki na mayai, na atabaki mpaka afe. Huyo mbebe na kiota chake chote, umtikise siafu waanguke, umpeleke mahali palipozungushiwa majivu. Vifaranga ndio wa kuwahi kuliko wote. Siafu huwaingia puani. Kwa kinga ya siku zote, miguu ya banda isimamishwe kwenye mikebe yenye oili chafu, na majivu makavu yamwagwe mstari mpana kuzunguka. Yakilowa mvua hayana kazi tena, lazima yabadilishwe. Sipigi siafu sumu. Wakishapita wameondoka na mchwa, panya na mende, na kufika adhuhuri hutawaona.

Limebaki la idadi, ambalo ndilo nililoanza nalo na ndilo gumu. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi na mapacha ni kawaida. Koo mmoja wa kienyeji ataatamia mayai kumi na kitu kwa siku 21, na akilelewa vizuri atarudia mara mbili tatu kwa mwaka. Usipoondoa, watatu wanakuwa kumi na wawili kabla hujajua, majani yanapungua, minyoo inazidi, na ile dakika ya kumtazama kila mmoja haipatikani. Kwa hiyo anayependa wanyama lazima auze na lazima achinje. Nawajua watu wema walioshindwa hapa. Walikataa kuuza kwa huruma, na mbuzi wao wakakonda wote kwa pamoja.

Mimi nauza kwa ninayemjua, na kabla ya kuuza nauliza atamweka wapi. Wanunuzi wa Idi el-Hajj ni wakaguzi wazuri. Mbuzi wa kuchinjwa siku hiyo anatakiwa awe ametimiza mwaka, asiwe kipofu, kiwete, mgonjwa wala aliyekonda, basi wanamfungua mdomo, wanamtembeza, wanamtazama macho. Na kwa mchinjaji nina masharti ambayo dini yenyewe inayataka: kisu kikali kweli, kinolewe mbali na mnyama, na asichinjwe mmoja mbele ya mwingine. Maji anapewa kabla. Mtu akija na kisu butu, anarudi nacho.

Msimu huu wamezaliwa watano. Mbarika wawili wanabaki, kwa kuwa mama yao mmoja ana meno yaliyoisha na hatapandishwa tena. Yeye atabaki mpaka mwisho wake, ameshalipa. Mabeberu wachanga watatu wakishatimiza mwaka wanaondoka, wawili kwa mnunuzi wa Maneromango ambaye ana ua, na mmoja kwa bibi jirani, ambaye ameshamtazama macho mara mbili na bado hajasema bei.